Wembe Mbele ya Watu

Mvua ilishuka ghafla, soko zima likakimbilia vibarazani. Msichana mmoja aliingia kwa kinyozi, gauni la manjano limemganda magotini, koti jeupe la hospitali kalikumbatia lisilowe.

"Dada, hapa tunanyoa, hatukaushi."

"Basi ninyoe hii mvua."

Walicheka. Mvua ilikatika, wala hawakujua; tangu siku hiyo wakawa wapenzi.

Kazi ya msichana ilikuwa kuuliza. Ugonjwa mpya ulikuwa ukikondesha vijana hadi kaburini, na hakuna aliyejua kwa hakika unapitia wapi. Hospitali ilimtuma awaulize wagonjwa na wazima maswali yaleyale: wapenzi, sindano, damu, wembe. Kisha majibu yalinganishwe.

Swali la wembe lilifika sokoni limeota pembe: wembe wa yule kinyozi ndio unaoua. Kiti chake kikakauka watu.

Kinyozi alipopigiwa simu na msichana kwenye duka la jirani, aliishika kama anayeinyonga.

"Mpenzi, umenisusa?"

"Ulijikausha kwangu, ukanichekea, kumbe unanichunguza."

"Tunauliza kila kitu, si wewe."

"Basi waambie wembe wangu hauna kosa."

"Siwezi. Majibu bado. Nikisema leo nisichokijua, kesho nani ataniamini nikisema ninachokijua?"

"Kaolewe na maswali yako." Akakata.

Miezi ikapita. Siku kinyozi anang'oa kioo ukutani ahame, gauni la manjano lilikatiza katikati ya soko na kusimama mlangoni kwake.

"Tumelinganisha," msichana alisema, sauti ikafika hadi kwa wauza vitunguu. "Wagonjwa na wazima wananyolewa sawasawa. Tofauti haikuwa kwenye wembe."

"Ilikuwa wapi?" fundi viatu aliuliza.

"Kitandani, kaka. Njoo hospitalini nikueleze taratibu."

Wanaume kadhaa wakatazama viatu vyao.

Msichana akaketi kitini, akakunja kola. "Ninyoe shingo."

Soko likasogea mlangoni. Kinyozi alichemsha wembe kama alivyofanya siku zote.

"Huogopi?"

"Naogopa. Usije ukanituma tena nikaolewe na maswali."

Wembe ukagusa shingo, ukapita polepole.

"Olewa na mimi," alinong'ona. "Maswali uje nayo."

"Maliza kunyoa kwanza. Nataka mama yako anione nadhifu."

Nyuma yao, fundi viatu alivua kofia, akakaa kwenye foleni.