Kaske ya Muzee Kataliko

Mtu akitafuta nyumba ya muzee Kataliko jioni, hakuwa na haja ya kuuliza njia. Alifuata tu sauti ya televisheni. Sauti hiyo ilipita katika kuta za mbao, ikavuka ua wa mawe meusi, ikafika mpaka barabarani. Watu wote wa upande ule wa Katoyi, mjini Goma, walisikia habari, mahubiri na matangazo ya sabuni, wapende wasipende.

Mtu mmoja tu hakusikia vizuri. Huyo alikuwa muzee Kataliko mwenyewe.

Alikaa mbele kabisa, magoti yake karibu yaguse televisheni. Mke wake, mama Henriette, alirudi kila jioni kutoka soko la Virunga, ambako aliuza vitenge. Kichwa kilianza kumuuma kabla hajavua viatu. Binti yao wa mwisho, Charline, alisoma masomo yake jikoni, pamba masikioni.

Nyuma ya ukuta aliishi Ndayambaje, mtu wa mizaha.

"Muzee," alisema asubuhi moja, "miye sina televizyo. Lakini nashukuru. Kila jioni niko naangalia ya kwako na masikio."

"Unasema nini?" Kataliko aliuliza.

"Nasema asante."

"Asante ya nini?"

Ndayambaje alicheka, akaenda zake kazini.

Kataliko alikuwa amefanya kazi miaka mingi kule Kalengera, kwenye mashine ya kusaga mahindi. Mashine ilinguruma kutwa nzima karibu na kichwa chake. Hakuvaa kitu cha kuyakinga masikio, na hakuna aliyemwambia avae. Kusikia kwake kulipungua kidogo kidogo. Sasa, kwenye sala ya jioni, wengine walipokuwa wamefika kwenye "Amina", yeye alikuwa bado anaomba mkate wa kila siku.

Lakini alikataa kwamba ana shida.

"Masikio yangu ni mazima," alisema. "Ni watu wa siku hizi. Wanasema ndani ya meno."

Mwaka huo shule ya Charline iliingia katika mashindano ya maswali. Wanafunzi watatu kutoka kila shule walikaa mbele ya kamera na kuulizwa maswali, na televisheni ya mji ilionyesha moja kwa moja. Charline alikuwa mmoja wa watatu wa shule yake. Walishinda mara ya kwanza. Walishinda tena. Kisha wakashinda nusu fainali.

Siku ya nusu fainali nyumba ilijaa majirani. Kataliko aliona midomo ya binti yake ikicheza kwenye kioo. Ghafla watu wote wakaruka.

"Amejibu nini?" aliuliza.

"Ngojea kidogo, muzee," mtu mmoja alisema. "Tutakuambia."

Furaha ilikuwa nyingi. Walimsahau. Kataliko naye alisimama, akapiga makofi pamoja nao. Henriette alimtazama usoni. Alijua kwamba mume wake hajui anapigia makofi kitu gani.

Usiku ule, mezani, Kataliko alisema, "Siku ya fainali sitakuwa hapa. Nitaenda Kalengera kwa ndugu yangu."

Charline aliweka kijiko chini. "Papa, siku ya fainali kabisa?"

"Watu watanielezea."

"Hata nusu fainali hawajakuelezea."

Kataliko aliendelea kula. Labda hakusikia. Labda alisikia.

Kabla ya kulala, Henriette alipiga magoti kando ya kitanda. "Bwana," aliomba, "mutu huyu alimufundisha mutoto wetu kuhesabu juu ya magunia ya unga. Usikubali akimbie siku ya mutoto wake. Nionyeshe mulango wa kubisha."

Asubuhi alibisha mlango wa Umuhoza.

Umuhoza ni muuguzi. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwao, na hospitalini anafanya kazi upande wa wagonjwa wa masikio. Henriette alimweleza yote. Jioni Umuhoza akaja. Hakupiga kelele. Alimgusa Kataliko begani kwanza, akavuta kiti, akakaa mbele yake mahali penye mwanga.

"Muzee, habari ya leo?" alisema polepole.

"Muzuri," Kataliko alijibu. Kisha akamgeukia mke wake. "Unaona? Huyu anasema muzuri. Si kama wewe."

"Mama anakusemesha namna gani?" Umuhoza aliuliza.

"Kutoka jikoni," Charline alisema, "na mugongo amemugeuzia."

Henriette alifunika mdomo kwa kitenge. Alikuwa anacheka.

"Basi tuanzie hapo," Umuhoza alisema. "Mutu asiyesikia muzuri anasikia pia na macho. Umuguse, usimame mbele yake, kisha useme. Hakuna haja ya kupiga kelele. Kelele inaharibu maneno. Sasa, muzee, nakuomba kitu kimoja. Uje hospitalini tuangalie ndani ya masikio."

"Kila juma naweka mafuta ya moto. Na nasafisha na kijiti."

"Acha vyote viwili. Mafuta ya moto yanaunguza. Kijiti kinasukuma uchafu ndani, na kinaweza kutoboa ngozi ile ya sikio."

Kataliko alitaka kukataa. Lakini Charline alikuwa amesimama mbele yake, na uso wake aliusoma bila shida.

"Nitakuja," alisema.

Hospitalini walimtoa nta nyingi iliyoziba sikio la kushoto. Kisha walimpima. Sasa alisikia vizuri kidogo, lakini si kama kijana. Umuhoza alimweleza ukweli.

"Nta imetoka. Lakini kelele ya mashine iliumiza kitu ndani kabisa ya sikio. Kile hakirudi. Kuna kifaa kidogo cha kuvaa sikioni kinachosaidia kusikia watu. Tutakiongelea tena na daktari, hakipatikani leo. Ila kwa televizyo, kuna njia ya karibu. Kaske."

"Kaske, ile kofia ya mutu wa pikipiki?"

"Apana, muzee. Kaske ya kusikiliza. Unaivaa kichwani, inafunika masikio. Sauti inafika kwako peke yako, bila waya. Wewe unasikia kwa kipimo chako, na mama Henriette anasikia kwa kipimo chake."

Henriette alifurahi hata hakungojea kusikia yaliyobaki. Aliaga, akapanda pikipiki mpaka kwenye maduka ya Birere, akanunua kaske ya kwanza aliyoiona. Ilikuwa nzuri, nyekundu, yenye kung'aa. Nyumbani Kataliko aliivaa. Walibonyeza hapa, wakabonyeza pale. Televisheni iliendelea kupiga kelele kwa wote, na kaske ilikaa kimya.

"Imekufa," Kataliko alisema.

Umuhoza alikuja kuiangalia. "Haijakufa. Hii ni ya simu. Televizyo mpya inaweza kuitumia. Yenu ni ya zamani, haijui kuongea nayo. Mama, mbele ya kununua, mutu anaangalia kwanza nyuma ya televizyo, aone iko na matundu gani. Ufanye foto na simu, umuonyeshe muuzaji. Na umuombe aijaribu mbele yako."

Henriette alirudi Birere na picha kwenye simu. Muuzaji alikubali kubadilisha. Safari hii alileta kaske nyeusi yenye vitu viwili: kaske yenyewe, na kisanduku kidogo cha kutuma sauti. Kisanduku kinakaa karibu na televisheni na kuunganishwa nayo kwa waya mfupi. Kati ya kisanduku na kichwa cha mtu hakuna waya.

Jioni Umuhoza alikuja tena, na Charline aliingia nyuma ya televisheni. Aliona matundu mekundu na meupe, akachomeka waya. Kimya.

"Soma kilichoandikwa hapo," Umuhoza alisema.

"IN."

"Huo ni mulango wa kuingilia. Sisi tunataka sauti itoke. Tafuta OUT."

Charline alihamisha waya. "Na hili tundu moja dogo lenye picha ya kaske?"

"Hilo nalo linafanya kazi. Lakini kwa televizyo nyingi, ukichomeka hapo, sauti ya wengine inakatika. Papa atasikia, ninyi mutakaa kama sanamu. Muzee, sasa vaa. Anza na sauti ya chini kabisa. Panda polepole. Ukielewa maneno, simama hapo. Usipandishe tena, maana kelele ingine itakula masikio yaliyobaki."

Kataliko alizungusha kitufe kidogo kando ya sikio. Mara moja akanyooka kwenye kiti.

"ANASEMA BARABARA YA RUMANGABO INATENGENEZWA," alisema.

"Tunasikia, papa," Henriette alisema. "Usipige kelele."

"SIPIGI KELELE."

Charline alicheka mpaka akakaa chini. Kataliko aliondoa kaske sikio moja, akamtazama. "Umecheka kwa sauti," alisema. "Nimekusikia." Macho yake yalikuwa na maji.

Henriette alipunguza sauti ya televisheni. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nyumba ilikuwa nyumba. Kataliko alisikiliza habari, kisha hali ya hewa, kisha matangazo yote ya sabuni. Umeme ulipokuwepo waliweka kaske kwenye kisanduku ikule moto, yaani ijae chaji, na Henriette alijua kwamba muzee akiivaa hasikii mlango, kwa hiyo yeye ndiye aliyefungua.

Asubuhi ya pili alifungua akamkuta Ndayambaje, kofia mkononi.

"Mama, nimekuja kuuliza. Muzee iko muzima? Jana hakuna kelele hata kidogo. Nikasema, labda Mungu amemuita."

"Iko anakunywa chai."

"Mungu asifiwe. Lakini sasa habari za jana miye sizijui."

"Siku ya mutoto wetu uje uangalie na macho," Henriette alisema.

Siku ya fainali ikafika. Kataliko hakwenda Kalengera. Alivaa shati la misa. Charline alipotoka kwenda kwenye mashindano, baba yake alimwekea mkono kichwani, akamwombea kwa maneno machache. Mchana majirani waliingia mpaka kiti cha mwisho, na wengine wakakaa chini. Ndayambaje alipata nafasi karibu na mlango.

Maswali yalianza. Shule ya Charline ilitangulia. Shule nyingine ikawafikia. Watu walikuwa wanauma kucha.

Ndipo mvua ikaanguka. Ilianguka kwa nguvu yote juu ya mabati. Nyumba nzima ikawa kama ngoma. Henriette alipandisha sauti ya televisheni hadi mwisho, lakini hakuna aliyesikia neno. Waliona midomo tu. Waliona mwalimu wa mashindano anauliza, waliona vijana wanajibu, na hawakujua chochote.

"Tufanye nini sasa?" Ndayambaje alilia.

"Nyamazeni," Kataliko alisema. "Miye niko nasikia."

Wote walimgeukia. Alikuwa ameketi, kaske imefunika masikio, mkono mmoja juu. Akainua ile sauti yake ya zamani, sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja juu ya mashine ya unga. Mvua haikuishinda.

"Wanauliza mto gani unatoka Ziwa Kivu unaenda Ziwa Tanganyika. Wale wengine wamebonyeza. Wamesema Ruzizi. Ni kweli. Wametupita."

Watu wakashika vichwa.

"Swali la hesabu. La kwetu. Kijana wetu anajibu… ni kweli. Tuko sawa."

Watu wakaruka. Ndayambaje alimshika jirani yake shingoni. "Endelea, muzee. Usivute pumzi."

"Subiri. Anasema hili ni la mwisho. Anauliza: ile hewa mbaya inayotoka chini ya udongo wa Goma, ile tunaita mazuku, ndani yake kuna gazi gani inayoua watu na mbuzi?"

Kwenye kioo, mkono wa Charline ulibonyeza. Kataliko aliinama mbele, akasikiliza. Watu ishirini walimtazama usoni. Mvua ilipiga. Henriette alishika rozari bila kuhesabu.

"Anasema nini?" alimuuliza, mbele yake, uso kwa uso.

Kataliko alisimama kutoka kwenye kiti. Kisha akatangaza.

"Gazi karboniki. Ni kweli. Mutoto wetu ameshinda."

Nyumba ile haikuwahi kusikia kelele ya namna hiyo, hata katika siku za televisheni ya sauti kubwa. Mtu mmoja aliangusha kiti. Henriette alimkumbatia mume wake, kaske ikaenda upande. Ndayambaje alitoka nje kwenye mvua, akapita nyumba kwa nyumba akitangaza jibu, kana kwamba alilijua tangu utoto.

Charline alirudi jioni, amelowa kabisa, medali shingoni. Wote walimzunguka. Kila mtu alitaka kumwambia jinsi alivyofanya. Yeye alipenya katikati yao mpaka kwenye kiti cha baba yake. Alimgusa begani, akasimama mbele yake.

"Papa, walisema mvua ilizuia kila kitu. Wewe ulisikia?"

"Nilisikia," Kataliko alisema. "Mbele ya kujibu lile la mwisho, ulivuta pumzi kidogo, hivi. Kisha ulijibu."

Charline alifikiri. Hata yeye mwenyewe hakuwa ameisikia pumzi hiyo.