Nafasi Isiyo na Mwenyewe

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Dada Mkubwa mwenyewe, jioni ya siku waliyomzika mama yake, mwaka wa tatu baada ya mambo kutokea. Ndugu walikuwa wamekaa ukumbini, viatu vyao bado vina udongo. Mdogo wake, yule waliyemwita Mtaalamu, alikuwepo pia. Aliposikia habari inaanza, aliinuka akaenda kusimama uani mpaka ilipokwisha. Tangu hapo wengi wameitia chumvi, wakaongeza kwato na moto wa kijani. Hapa yamewekwa aliyoyasema Dada Mkubwa tu.

Dada Mkubwa alikuwa na kituo kidogo cha kupiga picha za eksirei. Kulikuwa na chumba cha kungojea, chenye mabenchi. Chumba cha kupigia, chenye ukuta mnene na kidirisha cha kioo alichochungulia. Na nyuma kijichumba kisicho na dirisha, ambamo kompyuta kubwa ilikoroma mchana kutwa. Picha zote zilikuwa humo. Lakini hazikukaa katika kompyuta hiyo hasa. Zilikaa katika mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Mama yao alipoelezwa hivyo alisema, "Haina mwili, inaishi ndani ya mwenzake. Na nyinyi mkaifungia feni isione joto."

Siku moja mashine hiyo ya ndani ilijaa. Ikawa haipokei picha mpya. Dada Mkubwa akamwita Mtaalamu.

Mtaalamu alikuwa mtu wa kuanza. Nyumbani kwa mama yao kilikuwepo chumba alichokianza yeye: kuta nne, hakina paa, mlangoni bati limeegemezwa. Magugu yalikuwa yameota humo hadi kiunoni. Ukimkumbusha, alikutazama kama anayemtazama kuku aliyeingia sebuleni.

Aliketi mbele ya kompyuta akaiamuru diski ya mashine ya ndani iwe kubwa mara mbili. Ikakataa. Kulikuwa na nakala ya akiba, iliyochukuliwa siku moja zamani ili mambo yakiharibika mtu aweze kuirudisha mashine ilivyokuwa siku ile, na diski yenye nakala ya namna hiyo haikubali kuongezwa. Mtaalamu akaifuta.

"Hiyo si ndiyo ya kurudia tukikosea?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Wanaokosea ndio wanaorudia."

Sasa diski ikakubali. Lakini kuongeza diski kwa nje ni sawa na kununua kiwanja nyuma ya nyumba: vyumba vinabaki vilevile mpaka mtu aingie ndani, avunje ukuta, aunganishe. Na kati ya nafasi ya zamani na nafasi mpya palikuwa na kipande kidogo ambacho mashine ilijiwekea kwa dharura zake, kimekaa njiani kama choo kilichojengwa mlangoni. Ilibidi kihamishwe kwanza. Ni kazi ya uangalifu, inachosha, na haina wa kuipigia makofi. Mtaalamu aliitazama, akapiga miayo, akafunga mkoba wake.

"Tayari."

"Mbona bado inasema imejaa?"

"Itazoea. Dada, usiniulize mambo ambayo hata nikikujibu hutaelewa."

Akaenda zake. Nyuma yake ikabaki nafasi kubwa, tupu, haina jina na haina mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata kijichumba kilinuka nyumba iliyofungwa muda mrefu: vumbi, mavi ya popo, nguo zilizoliwa na nondo. Dada Mkubwa alideki mara mbili. Harufu haikutoka kwenye sakafu. Ilitoka mahali feni ya kompyuta inapopulizia, na ilikuja vuguvugu. Halafu akasikia kitu kikiburutwa. Alidhani ni jirani, akaenda kugonga ukuta. Upande wa pili wa ukuta ule palikuwa na njia ya waenda kwa miguu. Akarudi, akaweka sikio kwenye bati la kompyuta. Humo ndani, mbali sana kuliko urefu wa lile bati, mtu alikuwa anasogeza kabati, anapumzika, anasogeza tena.

Alifuta picha zilizoharibika ili apate pa kuweka za siku hiyo, akaendelea na kazi. Mgonjwa wa kwanza alikuwa dereva wa lori, mwanamume mwenye kifua cha fahali. Akasimama mbele ya mashine, mikono kiunoni kama alivyoelekezwa. Picha ikaja kwenye skrini: mbavu, moyo, mapafu, na mkono.

Mkono ulikuwa nyuma ya mbavu, umezishika kwa ndani kama mtu anavyoshika nondo za dirisha. Mifupa ya vidole ilikuwa myembamba na safi, na kila kidole kilikuwa na kifundo kimoja zaidi ya vya watu.

"Mbona umenyamaza?" Dereva aliuliza kutoka upande wa pili wa kioo. "Nina nini?"

"Huna kitu. Ulitikisika. Tunarudia."

Picha ya pili ilitoka safi. Akampa hiyo. Siku mbili baadaye Dereva alirudi, amekaa benchini anatoka jasho, anaongea kwa sauti ya mtu aliye chumba kimoja na mtoto aliyelala.

"Dada, si maumivu. Nimeshikwa tu. Kama mtu anavyoshika nguzo akingoja zamu yake."

Dada Mkubwa akaifungua ile picha ya kwanza. Mkono haukuwemo tena, na palepale Dereva alivuta pumzi ndefu, akajipapasa kifua, akasema ajabu, kimeniachia. Mkono alioukosa pale aliukuta kwenye picha iliyotangulia, ya siku moja kabla, ya mwalimu wa hesabu, picha aliyoipiga yeye mwenyewe na kuiona safi. Kesho yake ulikuwa umeshapita picha kadhaa nyuma ya hiyo. Ulikuwa unarudi nyuma, picha kwa picha, kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba akiulizia chumba.

Ndipo alipokumbuka ni nani yuko huko nyuma. Mwezi uliopita alikuwa amempiga picha mama yao, aliyetoka kuugua kichomi. Mama alikuwa akipanda ngazi tatu anakaa. Mshiko uliomtoa jasho fahali wa lori ungemzima yeye kama kibatari.

Akaamua kuifuta picha ya Mama kabla ule mkono haujafika. Ilikuwa alasiri, kituo kimefungwa, hakuna mtu mwingine wala kompyuta nyingine iliyowashwa. Akaichagua picha, akabonyeza kufuta. Mashine ikajibu kwa maandishi: faili hili linatumiwa na mwingine. Akabonyeza tena, jibu likawa lilelile, na wakati anayasoma yale maneno kwa mara ya pili akahisi hewa ya kijichumba imekuwa nzito kama ya shimo, akasikia kule ndani samani zimeacha kuburutwa, na mahali pa ule mburuzo pakawa na ukimya wa mtu aliyesimama katikati ya chumba chake akisikiliza ni nani anayechezea kitasa, na Dada Mkubwa, ambaye alikuwa ameona maiti na mifupa iliyovunjika bila kutetereka, alirudi kinyumenyume mpaka mgongo wake ukagusa mlango, kwa sababu hakutaka kuupa ule ukimya kisogo.

Akampigia simu Mtaalamu.

"Ile kazi hukuimaliza," alimwambia.

"Niliimaliza."

"Kuna kitu kimeingia."

"Kumeingia ujinga, dada, na haujaanza leo. Nimesomea vitu hivi. Wewe umesomea kumwambia mtu avute pumzi."

Aliyeita mganga ni Mama. Mganga mwenyewe alikuwa nesi mstaafu, mwanamke mrefu mwenye viatu vya kung'aa na uso wa mtu aliyeletewa chai ya baridi. Mama alimwamuru Mtaalamu aje, na kwa Mama hakuwa na ujanja. Mchana wa Jumamosi wakakusanyika wanne kijichumbani. Mkono ulikuwa kwenye picha inayopakana na ya Mama, na tangu asubuhi Mama alikuwa akisema kuna mtu anambishia mgongoni, polepole, kwa adabu.

Nesi Mstaafu hakuchoma kitu wala hakuimba. Alinusa, akakunja pua.

"Jini la hovyo," alisema. "Jini lenye heshima zake linakaa baharini, au kwenye jumba. Hili ni la kuvamia viwanja. Nani aliacha mahali wazi?"

Mtaalamu alikuwa ameegemea ukuta, anatazama kucha zake.

"Nauliza. Kuna nafasi humu haina mwenyewe. Nani aliifungua?"

"Mimi sizungumzi na watu wanaonusa kompyuta," Mtaalamu alisema.

"Si mimi wa kuzungumza naye. Kaa hapo, ipe ile nafasi mwenyewe. Aliyefungua ndiye afunge, mwingine hasikilizwi."

"Imefungwa. Nilimaliza."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mkono kifuani. Alizungumza bila kumtazama.

"Mwanangu, hujawahi kumaliza kitu. Hata kuzaliwa ulianza wewe, nikamalizia mimi. Kaa hapo."

Akakaa, midomo ameibenua. Akaingia kwenye mashine ya ndani. Na pale kwenye skrini, mbele ya wote, ilionekana: nafasi ya zamani imejaa pomoni, kile kipande kidogo njiani, na nyuma yake nafasi pana isiyogawiwa mtu. Nesi Mstaafu alicheka kwa pua.

"Na hii ndiyo kumaliza," alisema.

Mtaalamu akaanza kukihamisha kile kipande. Hapo ndipo harufu iliporudi kwa nguvu, na ndani ya kompyuta makabati yakaanza kuburutwa yote kwa pamoja, kwa haraka, kama nyumba nzima inahamishwa kabla ya mvua, na kwenye skrini ya pili, ambako Dada Mkubwa alikuwa ameiacha wazi picha ya Mama, kikatokea kidole kimoja pembeni mwa mbavu, halafu cha pili, halafu vyote, vinajikunja na kushika ubavu mmoja baada ya mwingine kama mtu anayepanda ngazi, na Mama akafungua kinywa asiweze kutoa sauti, macho yake yamemganda mwanawe, na Dada Mkubwa akampigia magoti akimshika mabega, akihisi chini ya kanga yake, kwa viganja vyake mwenyewe, kitu kigumu kikisogea mahali pasipo na mfupa.

"Malizia," Nesi Mstaafu alinong'ona. "Malizia, debe tupu wewe."

Mtaalamu akaunganisha nafasi mpya na ya zamani. Mashine ikasoma ukubwa wake mpya, wote kwa jina moja. Mburuzo ukakatika. Mkono ukatoka pichani kama maji yanavyotoka kwenye karai. Mama akavuta pumzi, akakohoa, akaomba maji ya kunywa.

Nesi Mstaafu alikuwa anafuta viatu vyake kwa leso.

"Limetoka, lakini halijapata pa kwenda. Bado liko humu chumbani linatafuta. Leo mtu asisimame mbele ya mashine ya picha. Picha humfungua mtu kama mlango, nalo linapenda kufunguliwa."

Mtaalamu aliinuka. Rangi ilikuwa imemrudi usoni, na dharau nayo.

"Nimehamisha kipande cha diski, mnaniita mwokozi wa roho. Nimefanya kazi ya kompyuta. Hakukuwa na kitu." Akavua shati. "Nipige picha, dada. Tuone hilo jini lenu."

"Vaa shati, mdogo wangu."

"Mnaogopa kuona hakuna."

Alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha kupigia, akasimama, mikono kiunoni, kidevu juu, kifua amekitoa. Dada Mkubwa akamtazama Nesi Mstaafu, ambaye aliangalia saa yake. Akamtazama Mama.

Mama alikunywa maji taratibu, akaweka bilauri chini.

"Mpige," alisema. "Mtoto anataka picha."

Picha ilikuja mara moja, maana sasa nafasi ilikuwa tele. Mbavu, moyo, mapafu. Na mkono. Safari hii haukushika kitu. Ulikuwa umelala kifuani, vidole vimelegea, umegeuzwa kiganja juu, kama wa mtu aliyefika kwake, akatua mzigo.

Mtaalamu alikuja akaitazama kwa muda.

"Doa la mashine," alisema. Akafunga vifungo vya shati vyote hadi shingoni, akaondoka.

Dada Mkubwa aliilinda ile picha kila siku. Mkono haukuhama tena. Picha nyingine zote zilibaki safi mpaka kituo kilipofungwa.

Mama aliishi miaka mitatu zaidi, akafa kwa uzee, usingizini. Nesi Mstaafu alifariki kabla yake. Dereva yu hai, ameacha lori, anafuga kuku. Dada Mkubwa yu hai, ana kumbukumbu nzuri kuliko wote. Mtaalamu naye yu hai, anaishi katika nyumba yenye kitanda kimoja na kiti kimoja. Mwaka jana alipata homa, daktari akaitwa, akamwekea kifuani kifaa chake cha kusikilizia. Alisikiliza kwa muda mrefu, akahamisha kifaa, akasikiliza tena. Halafu akageuka akamwuliza Dada Mkubwa kama majirani wanahamisha samani.