Mhojiwa wa Kumi na Mbili

Jua lilikuwa linazama Profesa alipotoka kwenda steshenari ya karibu na geti la chuo kuchukua sura ya nne ya tasnifu yake. Usisikie jina hilo ukadhani ana cheo. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, tena wa kuburuza mkia, na uprofesa wenyewe alibandikwa na mdogo wake utotoni kwa sababu ya miwani. Kesho yake saa sita mchana ndio ulikuwa mwisho wa kupokea tasnifu. Alishaongezewa muda, na karani wa idara alimwambia bila kupepesa macho kwamba mara hii akikosa, anafutwa, akatafute mambo mengine ya kufanya.

Msimamizi wake alikuwa mzee wa kalamu nyekundu. Hakusoma kwenye kompyuta. Alisoma karatasi, akimaliza anaziacha pale steshenari, mwenyewe azifuate. Profesa alizipekua akiwa amesimama kaunta, roho mkononi. Wino mwekundu ulikuwa kila mahali kama kawaida, ila kwenye ukurasa mmoja mzee alikuwa ameandika sifa: "Huyu mhojiwa wa kumi na mbili ndiye roho ya tasnifu. Mwongezee maneno, nami nitapitisha."

Angefurahi, kama huyo mhojiwa angekuwepo.

Utafiti wake ulihusu wanawake wazee na masimulizi yao ya uchawi na mapepo. Aliahidi kuhoji kumi na wawili. Kumi na mmoja walikubali, wakasema, wakarekodiwa. Wa mwisho alikosekana. Kila aliyemwendea alimfungia mlango, na muda nao ulikuwa unamtupa mkono. Basi akamtunga. Ni wanafunzi wangapi wamejaza madodoso wenyewe, bwenini, huku wanakunywa chai? Kikohozi alikiazima kwa marehemu bibi yake. Mguu wa kuburuta aliutoa kwa mama mmoja aliyewahi kuwapangisha chumba. Harufu ya mafuta ya taa aliiongeza tu, isomeke vizuri. Halafu akamwekea mdomoni kisa cha mama aliyeambiwa na wale wa usiku achague nani wa nyumbani kwake wa kuwapa, akamtoa mtoto wake.

Kilikuwa kisa kizuri. Ubaya wake ni huo.

"Umeonana na bibi yako?" mwenye steshenari alimuuliza, akifuta kioo cha mashine.

"Bibi yangu alishafariki."

"Basi wa watu. Ametoka hapa sasa hivi. Anamuulizia mwanafunzi anayeandika habari zake. Nikajua ni wewe tu, maana nani mwingine anahangaika na vikongwe? Nikamwelekeza kwako."

"Yukoje?"

"Anakohoa. Mguu mmoja anauburuta." Akavuta hewa puani, akakunja uso. "Na kaniachia harufu ya mafuta ya taa dukani. Huisikii?"

Aliisikia.

Akajilazimisha kucheka. Karatasi zilishinda pale mchana kutwa, na huyu bwana alikuwa na mdomo, tena alijulikana kwa kusoma kazi za watu. Anamtania. "Umeisoma sura yangu," akamwambia.

"Mimi? Dada, mimi nikisoma kurasa mbili nalala."

Alitembea haraka kurudi nyumbani, akijisemesha njiani kama mwendawazimu. Walipanga chumba kimoja, yeye na mdogo wake, mwisho wa korido ndefu yenye taa moja. Mdogo wake alikuwa msusi. Ndiye aliyemlisha Profesa miaka yote hiyo, akirudi saluni na vidole vimekufa ganzi, anapika, anaosha vyombo kwa upole ili dada asome. Jioni hiyo alikuwa hajarudi. Kanga yake ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kitanda chake.

Profesa alifunga mlango kwa komeo, akawasha kompyuta. Mzee anataka maneno, apewe maneno.

Yalikuja. Yalikuja kwa wepesi asiouzoea, yeye ambaye kwa aya moja hutoka jasho. Vidole vilikimbia. Aliandika sentensi asizozifikiria, za mtu mzima, za mtu mwenye uchungu. Alipoinua macho kusoma alichoandika, maneno ya mwisho kwenye kioo yalikuwa haya: Nipo mlangoni.

Kru...

Kimya.

Kru... kru...

Kitu kilikuwa kinaburutwa kwenye sakafu ya korido. Kilipita mlango wa kwanza. Kilipita wa pili. Kikafuata kikohozi, kikavu, kile kile cha bibi yake, na chini ya mlango harufu ya mafuta ya taa ikaanza kuingia taratibu.

Hakubisha hodi.

Profesa aliapa baadaye kwamba komeo halikufunguka. Alichojua ni kwamba alifumba macho akiomba, na alipoyafumbua, mtu alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mdogo wake. Mwanamke mzee. Mikono ipo, mguu mbovu umenyooshwa, mtandio kichwani. Na ndani ya mtandio, mahali pa uso, hapakuwa na kitu. Hapakuwa na jeraha wala giza. Palikuwa patupu tu.

Profesa hakuwahi kumwandikia uso.

"Nimekuja kumalizia mahojiano," bibi alisema. Alinong'ona.

"Shikamoo," Profesa alijibu, maana hofu haikumwondolea adabu.

"Shikamoo yako nampelekea nani? Mimi ni nani?"

"Wewe ni... mhojiwa wa kumi na mbili."

"Umenipa mguu mbovu. Umenipa kifua kibovu. Umenipa mtoto, na siku hiyo hiyo ukanifanya nimtoe. Namlilia kila usiku, mtoto ambaye hata hukumwandika sura. Yote hayo nimepokea." Alikohoa. "Jina hukunipa."

"Hatutaji majina ya wahojiwa, bibi. Ndio utaratibu wa chuo. Tunayaficha."

"Wale kumi na mmoja wana majina yao nyumbani. Wewe umeyaficha tu. Mimi la kuficha sina."

Profesa alisukuma miwani yake juu ya pua. Alisema atamtungia jina zuri, sasa hivi, la heshima.

"Vya kutunga nimechoka navyo. Nataka lililowahi kuitwa na mama." Mkono wa bibi ulikuwa unapapasa kanga iliyokunjwa, polepole, kama mtu anayechagua kitambaa. "Au nifute. Ukinifuta naondoka, sikudai kitu."

Kumfuta ilikuwa kazi ndogo. Profesa aliweka kweli kidole kwenye kitufe. Bila yule bibi, sura ya nne ilikuwa gofu. Mzee asingepitisha. Kesho saa sita ingempita, na yule karani angemwonyesha mlango. Alimfikiria mama yao kule nyumbani, aliyewatangazia majirani wote kwamba mwanawe anavaa joho mwaka huu. Alifikiria miaka mitatu ya masomo. Nasema haya kwa sababu watu hudhani hofu ndiyo iliyomponza. Hofu ilimwambia afute. Kilichomzuia ni tamaa ya kumaliza, na alijua hivyo, na aibu ilimchoma hapo hapo alipokaa.

Aliondoa kidole.

Jina lake mwenyewe lilikuwa kwenye jalada la tasnifu, na hakutaka kuliachia.

Akamnong'oneza bibi jina lingine.

Bibi alilirudia. Alilionja, silabi moja moja, mwishoni akalivuta kwa upendo vile vile mama yao alivyokuwa akilivuta kuwaita jioni waingie ndani. Na ndani ya mtandio, pale palipokuwa patupu, kitu kikaanza kujikusanya. Kwanza kidevu. Profesa alificha uso mezani, akabaki hivyo mpaka harufu ilipokwisha.

Mdogo wake alirudi muda si mrefu, akalalamika kwamba komeo limefungwa, akavua viatu, akauliza kama dada amekula. Alikuwa yule yule. Profesa alimkumbatia kwa nguvu, akalia, akasema ni uchovu. Akajipa moyo kwamba ilikuwa ndoto ya mtu asiyelala. Kesho yake, kabla ya saa sita, tasnifu ilipokelewa. Karani aligonga muhuri, hata akatabasamu.

Jioni hiyo simu ya mama iliita. Profesa aliweka sauti kubwa, wasikie wote.

"Mwanangu, hongera. Umenitoa kimasomaso. Mdogo wako kanieleza yote."

"Umeongea naye saa ngapi, mama?"

"Si yuko hapa? Kafika leo alasiri. Amechoka, maskini, kakaa tu chumbani kwake, taa hataki. Nilipomwita jina kaitika, kalia kama mtoto. Mlikuwa mmegombana?"

Mdogo wake aliacha sufuria jikoni, akaja akiwa bado anacheka, akifuta mikono. "Mama, utani gani huo? Mimi nipo huku. Ni mimi."

"Samahani, binti," mama alisema kwa upole, sauti ile anayoitumia kwa wageni. "Naongea na nani?"

Mdogo wake aliacha kucheka. Alimgeukia Profesa.

"Dada, mwambie mimi ni nani."

Profesa alifungua mdomo. Alilitafuta lile jina, alilolijua tangu siku mtoto yule alipoletwa nyumbani amefungwa kwenye kanga, alilitafuta kwa kila alichonacho kichwani. Mdogo wake alisimama mbele yake akimngoja, na kwenye simu mama naye akingoja, na nyuma ya mama kukasikika mtu anakohoa.