Bwawa la Bata Bosi

Tusekile alikuwa na miaka sita, bata mmoja, na mawazo mengi kichwani.

Bata wake aliitwa Bosi. Bosi alitembea kifua mbele, kama mwenye shamba anayekagua migomba yake.

Waliishi Lusungo, kijiji cha mlimani chenye ndizi nyingi na mvua nyingi. Mama yake Tusekile ndiye aliyetunza mtambo wa umeme wa kijiji.

Mtambo wenyewe ulikuwa mdogo. Maji yalitoka mtoni, yakapita kwenye mfereji, yakaingia kwenye bomba, yakateremka mbio. Huko chini yalisukuma gurudumu la chuma. Gurudumu likizunguka, umeme unakuja.

Maji chururu, chururu.
Gurudumu vuru, vuru.
Taa ng'aa.

Jumamosi moja asubuhi, Tusekile alimtazama Bosi akioga kwenye karai. Kichwa kikiingia, mkia unatoka. Mkia ukiingia, kichwa kinatoka.

"Pole, Bosi," alisema Tusekile. "Karai halikutoshi. Wewe unahitaji bwawa."

Basi akambeba Bosi, akapanda naye hadi kwenye mfereji. Akaweka jiwe. Akaweka jiwe jingine. Akaziba matundu kwa matope na majani ya mgomba.

Maji yakafika, yakakuta ukuta. Yakageuka, yakamwagika pembeni, yakatanda. Likawa bwawa hasa.

Bosi akaingia. Kwa, kwa, kwa.

Tusekile akaitazama kazi yake, akaridhika. Kisha njaa ikamuuma, akakimbia nyumbani. Alikimbia sana, hata hakujua kwamba mguu mmoja una ndala na mwingine hauna.

Alikuwa na ndizi ya kuchemsha mdomoni wakati mwalimu wake, Mwalimu Kajange, alipoingia uani, taulo shingoni.

Upande wa kulia wa kichwa cha Mwalimu uling'aa kama yai. Upande wa kushoto ulikuwa na nywele zake zote.

"Mama Tusekile," alisema Mwalimu, "umeme umekatika. Mashine ya kinyozi imeishia katikati. Na mimi naoa leo, saa nane mchana."

Mama alikitazama kile kichwa. Akauma midomo asicheke.

"Pole, Mwalimu. Kwani kinyozi hana wembe?"

"Anao," Mwalimu alinong'ona. "Ila wembe nauogopa."

Mama akachukua jembe. "Twende, Tusekile. Tukaangalie maji yetu."

Wakafika kwenye mtambo. Gurudumu limesimama. Bombani limetoka tone moja. Wakangoja. Likatoka tone jingine.

Maji kimya.
Gurudumu kimya.
Taa zii.

Wakapanda kuufuata mfereji. Ndani mlikuwa na matope tu.

"Mama, labda ng'ombe amekunywa maji yote," alisema Tusekile.

"Basi huyo ng'ombe alikuwa na kiu kweli kweli."

"Au mto umechoka."

"Huenda," alisema Mama. "Lakini mimi sijawahi kuuona umekaa chini."

Wakapanda tena kidogo. Mara wakasikia: Kwa, kwa, kwa.

Tusekile akasimama.

Ukuta wa mawe ulikuwa pale pale. Bwawa lilikuwa pale pale. Bosi alikuwa katikati, anaelea. Na kwenye matope kulikuwa na ndala nyekundu.

Mama akaiokota, akaigeuza huku na huku.

"Ng'ombe huyu anavaa ndala," alisema. "Hii ni ya mguu wa kushoto."

Tusekile akaangalia miguu yake. Akauficha wa kushoto nyuma ya wa kulia. Akayumba, nusura aanguke.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Ng'ombe ni mimi."

"Nilianza kuhisi hivyo," alisema Mama.

"Nilitaka Bosi apate bwawa. Sikujua kwamba haya ndiyo maji ya nywele za Mwalimu."

Mama akacheka mpaka akaegemea jembe lake.

"Ni ya nywele za Mwalimu," alisema, "na ya taa yetu, na ya taa za Lusungo nzima. Haya, mwenye ukuta aubomoe."

Tusekile akaubomoa mwenyewe. Jiwe nje. Jiwe jingine nje. Matope nje. Bosi akalalamika sana, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Maji chururu, chururu.
Gurudumu vuru, vuru.
Taa ng'aa.

Tusekile akateremka mbio hadi kwa kinyozi. Mwalimu alikuwa amekaa kitini tena, na mashine inaunguruma. Zzzz, zzzz.

"Mwalimu," alisema Tusekile, "ni mimi niliyeziba maji. Naomba unisamehe."

Mwalimu akamtazama kwenye kioo.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila Jumatatu utasimama mbele ya darasa, utueleze umeme wetu unatoka wapi. Naona unajua kuliko wote."

Saa nane Mwalimu akaoa. Kichwa kiling'aa pande zote mbili, na bibi harusi alitabasamu njia nzima.

Jioni Mama akamwita Tusekile nyuma ya mtambo. Maji yalikuwa yanatoka chini ya gurudumu, yanaelekea bondeni.

"Unaona? Yakishasukuma gurudumu, yanakwenda zake," alisema Mama. "Hapa hatuyahitaji tena. Hapa unaweza kuchimba."

Wakachimba wote wawili, mpaka matope yakawafika magotini. Maji yakaingia, yakazunguka, yakatoka upande wa pili. Bosi akakagua kwanza, kifua mbele. Kisha akajitosa.

Kwa, kwa, kwa.

Usiku Tusekile alioga, akala, akapanda kitandani. Taa ilikuwa inawaka. Nje mtambo uliendelea kuunguruma, vuru, vuru.

"Mama, maji yanalala saa ngapi?"

"Maji hayalali, mwanangu."

"Basi na mimi silali," alisema Tusekile. "Nitayasikiliza mpaka asubuhi."

"Sawa," alisema Mama.

Akaenda kuzima taa. Kutoka kitandani hadi kwenye swichi ni hatua nne tu.

Alipofika hatua ya tatu, Tusekile alikuwa anakoroma.