Redio Bubu ya Kemambo

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni cha pikipiki.

Ya pili ilipita juu ya bega la Robi Werema, ikachana majani ya mgomba mbele yake.

Robi hakugeuka. Alikunja kona ya Nyamwaga kwa kasi iliyoinua vumbi jekundu nyuma yake, akaikazia Honda yake mafuta. Nyuma, Land Cruiser nyeupe ilikuwa inapunguza umbali. Watu wanne ndani. Bunduki mbili zilizoonekana.

Kifaa kidogo sikioni mwake kikakoroma.

"Ndege Mmoja, unanipata?"

Ilikuwa sauti ya Projestus, mkuu wake katika kikosi cha kupambana na ujangili, aliyekuwa ofisini Musoma.

"Nakupata."

"Operesheni imevuja. Geuza. Rudi Tarime mjini."

"Walinzi wa faru wako wapi?"

"Bado wanaelekea kwenye korongo. Hatuna njia ya kuwafikia."

"Basi sirudi."

"Robi, hiyo ni amri."

"Nimeisikia, mkuu."

Akazima kifaa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Bondeni, ng'ambo ya Mto Mara, faru jike alikuwa na mtoto mchanga. Shingoni alivaa mkanda uliotoa ishara. Ishara hiyo ilipokelewa na kituo kidogo juu ya kilima cha Kemambo, na redio ya kituo iliwatumia walinzi wa doria ujumbe kuwaeleza faru yuko wapi. Kule bondeni simu hazishiki. Redio ya kilimani ndiyo sauti pekee waliyoitegemea.

Asubuhi hiyo redio ilikuwa bubu, na Robi alikuwa ametumwa kuiamsha.

Badala yake, mgeni mmoja aliyejiita Korver, mnunuzi wa pembe aliyekuwa akitafutwa katika nchi tatu, aliwasha redio yake bondeni na kujifanya yeye ndiye kituo. Aliwaambia walinzi faru amejeruhiwa, yuko ndani ya korongo. Juu ya korongo, pande zote mbili, watu wake walikuwa wamelala na bunduki. Akishawamaliza walinzi, faru na mwanawe wangekuwa wake, na njia nzima ya magendo ya kaskazini ingekuwa wazi.

Kiongozi wa doria hiyo aliitwa Felista. Robi alisoma naye darasa moja.

Risasi ya tatu ikagonga chuma cha taa ya nyuma.

Mbele, kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara. Mzee aliyevaa koti la mvua alisimama katikati na fimbo yake. Robi akafunga breki.

"Shikamoo, tata," akasema, kama binti wa Kikurya anavyomwita baba.

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wa Werema, wa Nyamwaga. Hao nyuma yangu ni watu wa pembe za faru."

Mzee aliitazama Land Cruiser ikija. Aliitazama bila haraka, kama anayepima ndama sokoni.

"Pita," akasema.

Robi akapenya katikati ya mapembe. Mzee akapiga mluzi, na ng'ombe waliokwisha kuvuka wakarudi barabarani. Land Cruiser ikasimama ikipiga honi mfululizo. Kijana mmoja akatoa kichwa dirishani. Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo ya mpaka wa Sirari, upande wa Kenya.

"Wee mzae, toa hizo ng'ombe hapa. Mara moja."

"Gonga mmoja," mzee akamjibu. "Halafu uone kama utafika Sirari."

Kijana akageuza macho shambani. Wanaume watano walikuwa wameacha majembe na kusimama wima. Akarudisha kichwa ndani.

Robi alikwishapotea kwenye kichochoro cha mahindi.

Kituo kilikuwa kibanda cha zege chenye mlango wa chuma, kidirisha kimoja, mnara wa antena na paneli za sola. Robi alivunja kufuli kwa risasi moja ya bastola yake, Glock, akaingiza pikipiki ndani, akafunga komeo.

Kazi sasa.

Ukutani palikuwa na boksi la plastiki. Ndani yake, Raspberry Pi, kompyuta nzima kwenye bamba moja dogo kama pakiti ya karata. Nyaya mbili nyembamba zilitoka kwenye pini zake kwenda kwenye redio: mmoja wa kusema, mmoja wa kusikia. Herufi hupita humo moja baada ya nyingine, zikifuatana kama ng'ombe kwenye njia ya mtoni. Mafundi huiita poti ya siriali.

Nyaya zilikuwa mahali pake. Umeme ulikuwepo. Robi akaunganisha simu yake na Wi-Fi ya kituo, akafungua ukurasa wa ujumbe.

REDIO HAIPATIKANI.

Aliyeifunga hakukata kitu. Alikuwa ameizima poti kutoka ndani, kwenye mipangilio, kisha akabadilisha nywila ya msimamizi ili asiwepo wa kuiwasha. Robi alimjua. Athanas, fundi aliyekisimika kituo chenyewe.

Nje, injini ikanguruma na kuzimika. Milango ya gari ikafunguliwa.

"Robi." Ilikuwa sauti ya Athanas, tulivu, karibu na mlango. "Hiyo nywila ni ndefu. Nimeifuta hata kwenye simu yangu. Toka tu, uende nyumbani kwenu. Ni hapo tu Nyamwaga."

"Najua nyumbani kwetu ni wapi."

"Unakufa kwa ajili ya mnyama?"

"Kuna watu kwenye hilo korongo, Athanas. Umekula nao."

Hatua za Athanas zikarudi kwenye gari.

Robi aliizima kompyuta, akachomoa kadi yake ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha. Nywila hulinda mashine iliyowaka. Kadi ikishakuwa mkononi, mafaili ya kuwashia yanasomeka kama barua isiyo na bahasha. Akaiweka kwenye kisoma kadi, akakichomeka kwenye simu yake ya Samsung.

Akalifungua faili la mipangilio. Mstari aliokuwa anautafuta ulikuwa karibu na mwisho.

enable_uart=0

Sifuri. Poti imefungwa.

Akafuta sifuri, akaandika moja. Akahifadhi, akarudisha kadi, akawasha.

Risasi zikapiga mlango. Chuma kikalia, hakikupasuka. Robi akasogea kwenye kidirisha, akachungulia, akalenga chini. Tairi la mbele la Land Cruiser likapiga kishindo. Kisha la nyuma. Watu wakajitupa nyuma ya mawe.

Taa ya redio ikaanza kumetameta. Haraka mno. Ovyo.

Robi akatazama simu.

REDIO HAIPATIKANI.

Jasho likamtiririka hadi kidevuni. Poti ilikuwa wazi, sasa kwa nini? Akaitazama tena ile taa. Hakuna aliyetuma ujumbe wowote, lakini redio ilikuwa inapokea maneno mfululizo. Maneno ya nani?

Ya kompyuta yenyewe.

Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta, ilikuwa imeigeuza poti hiyo kuwa baraza lake. Kila hatua ya kuwaka kwake iliisimulia humo, halafu ikakaa mlangoni kusubiri mtu aingize jina na nywila. Mlango ulikuwa umefunguliwa, ila mwenye nyumba amejaa mlangoni na mgeni hana pa kupita.

"Madam, fungua," sauti ya yule kijana wa ng'ambo ikaita. "Tusisumbuane. Tutachoma hii nyumba."

"Zege haliungui," Robi akajibu.

Akazima. Akachomoa kadi tena. Safari hii alifungua faili la pili, lile la mstari mmoja mrefu wa amri za kuwashia. Akasoma neno kwa neno.

console=serial0,115200

Akafuta kipande hicho peke yake, ndicho kilichoipa Linux poti. Hakugusa kingine. Kosa moja hapo na mashine isingewaka kabisa.

Kadi ndani. Umeme.

Kitu kizito kikagonga mlango. Walikuwa wamepata gogo. Bawaba ya juu ikatoa msumari. Robi akafyatua mbili kupitia kidirisha, gogo likaanguka, mtu akalia na kushika mguu.

Taa ya redio ilikuwa imezimika. Kimya.

Kisha ikawaka mara moja, taratibu.

REDIO TAYARI.

Robi akaandika kwa kidole gumba, Glock ikiwa mkono wa pili.

*Felista. Msiingie korongoni. Mtego. Anayewaongoza si kituo.*

Jibu likachelewa. Gogo likarudi mlangoni.

*Kituo kimeongea nasi asubuhi nzima. Wewe nani?*

*Robi wa Werema.*

*Hata adui anajua jina hilo. Mwalimu wa hesabu tulimwitaje?*

Robi karibu acheke. Mwalimu yule alikuwa mchungu kama nyongo, na jina walilompa lilitoka kwenye mchuzi mchungu wa jikoni kwa mama zao.

*Kichuri. Na wewe ndiye uliyeandika ubaoni, nikachapwa mimi.*

Bawaba ya juu ikang'oka. Mwanga ukaingia kwa pembeni.

*Tumesimama,* Felista akaandika. *Wako wapi?*

*Juu, pande zote mbili. Pandeni kutoka mtoni, mtawakuta wamewapa migongo. Ishara inaonyesha faru yuko mashariki, mzima.*

*Sawa. Kaa hai.*

Robi akapiga magoti nyuma ya injini ya pikipiki, akaelekeza bunduki kwenye ule mwanya wa mwanga.

"Anayeingia kwanza ajitaje," akasema. "Nataka kujua namuua nani."

Dakika zikapita, hakuna aliyethubutu kuingia.

Nje, redio ya mkononi ya wale watu ikaanza kuongea. Alikuwa Korver, na utulivu wake ulikuwa umekwisha. "Wako nyuma yetu. Nani amewaambia? Athanas, ulisema redio imekufa. Athanas, nijibu." Ikafuata milio ya bunduki, michache. Kisha sauti ya mwanamke, kavu, ikatoka kwenye redio hiyo hiyo.

"Hapa Felista, doria. Bosi wenu amelala kifudifudi na pingu mkononi. Mnaonisikia, amueni wenyewe."

Yule kijana wa ng'ambo akaitazama Land Cruiser iliyokaa kwenye rimu, akamtazama mwenzake aliyeshika mguu.

"Mimi sifii hapa," akasema. Akatupa bunduki. Wenzake wakafuata.

Robi alisukuma mlango, ukaanguka. Akatoka juani.

Athanas alikuwa amesimama peke yake, mikono imening'inia. Uso ulikuwa wa mtu aliyepigwa na kitu asichokiona.

"Nilifunga kila kitu," akasema.

"Ulifunga."

Akamgeuza, akamfunga vidole gumba kwa kamba za plastiki, zile Athanas alizofungia nyaya za kituo.

Magari ya polisi yalipopanda kilima, Projestus alikuwa kwenye simu.

"Nilikuamuru urudi."

"Ndiyo, mkuu."

"Nitasema nini huko juu?"

"Sema ulimtuma mtu asiyesikia."

"Felista anasema watu wake wote wapo. Unaelekea wapi sasa?"

Robi alikokota Honda hadi nje, akapangusa vipande vya kioo kwenye kiti, akavaa kofia.

"Kula," akasema. Akapiga kiki.

Polisi waliokuwa wakipanda walipisha njia. Aliwapungia kidogo, akateremka taratibu kuelekea Nyamwaga.