Mke Mwenza wa Miguu Minne

Mboni alikuwa mtoto wa miaka mitatu, na meza ya jikoni ilimzidi kimo. Hilo halikumsumbua hata chembe. Aligonga sakafu kwa kisigino, na Kipandishi kikatoka ubavuni mwa jokofu, kikitembea kwa miguu yake minne bila kishindo, kama paka aliyeshiba. Kiliteremsha kibao chake mpaka chini, mtoto akapanda, kikamwinua taratibu hadi kifua chake kikawa sawa na meza. Mikono miwili ya kitambaa laini ikamzunguka kiunoni. Haikumbana, wala haikumwachia.

"Shikamoo, Bi Saumu," Kipandishi kilisema.

"Marahaba," alijibu bibi yake Mboni, shingo upande. Salamu hainyimwi mtu. Kama kiti nacho hunyimwa, hakuna aliyewahi kumfundisha.

Tanga ya miaka hiyo ilikuwa imepanda juu. Watu waliishi kwenye majumba marefu yaliyokunywa jua kwa kuta zake, na mizigo ya sokoni ililetwa na vibebeo vilivyoruka kutoka dirisha hadi dirisha. Meza, sinki na majiko vilijengwa kwa kimo cha mtu mzima, na watoto wakabaki chini wakitazama magoti. Ndipo Hidaya, binti wa pekee wa Bi Saumu, mhandisi wa akili mnemba, alipobuni Kipandishi. Kilikuwa na jicho moja la kuona, na nyuzi-hisi, nyembamba kuliko unywele, za kupima uzito na mapigo ya moyo wa mtoto. Hakikumpandisha mezani tu. Kilimfuata nyumba nzima, na akijikwaa kilimdaka kabla goti halijagusa sakafu. Karibuni vingine kama hicho vingeanza kupelekwa kwenye shule za chekechea za mji mzima.

Watu walimsifu Hidaya, na Bi Saumu naye alimsifu, mbele za watu.

Akiwa peke yake alikiita mke mwenza. Kabla hakijaja, Mboni akitaka kuona kilichomo sufuriani alikuwa humjia yeye na kuinua mikono: "Bibi, nibebe!" Naye humwinamia, humpakata kiunoni, mgongo ukamuuma na moyo ukamtulia. Sasa mikono ile haikuinuliwa tena. Kisigino kiligonga sakafu, basi.

"Njoo nikubebe, uone maandazi yanavyofura," alimwambia siku moja.

"Sitaki. Bibi unatikisika," Mboni alijibu, bila ubaya wowote.

Bi Saumu alicheka. Maandazi yakaungua.

Lililomkera kuliko yote lilikuwa mbeleko. Ilikuwa kanga ya zambarau, ya pindo la korosho, iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama sikio la mtoto. Ndiyo aliyombebea Hidaya mgongoni, akaja kumbebea Mboni. Maandishi yake yalikuwa yamefifia, lakini yalisomeka: WANGU SIMGAWI. Hidaya alikuwa ameiomba kwa upole, akaipitishia nyuzi-hisi, akaifunga kifuani mwa Kipandishi, kwa kuwa mtoto hakutulia kwenye kitambaa kingine. Bi Saumu aliitoa kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo kila alipoitazama alihisi kama amevuliwa nguo hadharani.

Siku moja, Hidaya akiwa karakanani, Bi Saumu alikuwa anapika wali wa nazi. Tui la kwenye bomba, lililotoka ukutani kwa kubonyeza, yeye hakulitaka. Alitandika mkeka, akaketi juu ya mbuzi yake, ile ya kukalia yenye meno ya chuma mbele, akakuna nazi juu ya sinia. Mboni alikuwa hatua moja mbele yake, juu ya Kipandishi, amempa mgongo, anachagua mchele kwenye ungo, akiimba. Kipandishi kikambembeza kushoto, kulia, kushoto. Bi Saumu aliujua mwendo ule. Ulikuwa mwendo wake mwenyewe, wa kumlaza mtoto mgongoni.

Akainuka. Akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili.

"Bi Saumu," Kipandishi kilisema, "bila mbeleko siwezi kumhisi mtoto."

"Nami bila mbeleko siwezi kumbeba. Kwa hiyo leo zamu yako ya kukosa, mwenzangu." Akajitupia kanga begani. "Mboni, njoo mgongoni kwa bibi."

"Nachagua mchele, Bibi."

"Mchele utakungoja."

"Na wewe ningoje."

Neno lile lilimwingia. Akarudi kwenye mbuzi, mbeleko begani, akakuna nazi kwa hasira mpaka machicha yakaruka nje ya sinia.

Mboni alimaliza. Akafanya alivyofanya siku zote: hakugeuka, hakutazama chini, hakushika kitu. Alijilaza tu kinyumenyume hewani, kama mtu anayejitupa kitandani. Siku zote mikono ilikuwa ikimpokea na kumshusha. Safari hii Kipandishi kilimwona kwa jicho lake, lakini mikono ilikataa kujikunja, maana Hidaya aliiumba isimbane mtoto ambaye haimhisi.

Bi Saumu aliona kisogo cha mjukuu kikija moja kwa moja kwenye meno ya mbuzi. Hakuwa na wasaa wa kuinuka. Aliyafunika kwa kiganja cha kushoto, na kwa mkono wa kulia akamvuta mtoto kifuani. Meno yakazama kwenye nyama ya mkono wake.

Nazi iliyokuwa nyeupe ikawa nyekundu.

Mboni akaangua kicheko. "Tena, Bibi! Tena!"

Kipandishi ndicho kilichomwita Hidaya. Alifika anahema, akamwosha mama yake jeraha, akalifunga. Mwishowe akauliza:

"Mama, mbeleko uliitoa kwa nini?"

"Wivu."

"Wivu na kiti?"

"Kiti gani, Hidaya? Kinaitwa kabla yangu. Kinambembeza kwa mwendo wangu. Kimevaa nguo yangu. Nisipokionea wivu hicho, nimwonee nani?"

Hidaya aliketi sakafuni, na nguo zake nzuri za kazini. "Mimi nilikuonea wewe," alisema.

"Mimi?"

"Nilikuwa nikirudi kutoka kazini, nikimshika analia. Anakutaka wewe. Nikimlisha, anakutazama wewe. Nikajiambia, nitatengeneza kitu kitakachomfanya asimhitaji mtu, asikuhitaji hata wewe. Watu wakanipigia makofi."

Bi Saumu hakuwahi kufikiri kwamba mtu aweza kuwa mke mwenza wa mtoto wake mwenyewe asijue.

"Hayo ni yetu mimi na wewe, yatakwisha," alisema. "Kubwa ni hili. Mtoto ameanguka, na amecheka. Hajui kuanguka ni nini, Hidaya. Huko shuleni mnataka kupeleka vingapi?"

Hidaya alichukua kigoda cha shibiri moja, akakiweka katikati ya mkeka, mbali na mbuzi, akampandisha Mboni. "Shuka, mwanangu."

Mboni akajilaza kinyumenyume hewani.

Akadunda kwa makalio. Akageuka kukitazama kigoda, akautazama mkeka, mdomo ukatetemeka, na kilio kikatoka, kipya kabisa, cha mtu aliyedhulumiwa na dunia.

"Nimshike?" Kipandishi kiliuliza, kikanyoosha mikono.

Mikono ya Bi Saumu nayo ilishanyooka yenyewe. Ndipo alipoiona ya Hidaya: imeinuliwa nusu, imeganda, kama ya mtu anayebisha hodi nyumba aliyokwisha kufukuzwa.

Mboni alikitazama Kipandishi. Akamtazama bibi yake, akaanza kutambaa kumwelekea.

Bi Saumu alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo, ule mzima na ule uliofungwa, akaifumbata huko. "Mama yako yule pale," alisema.

Mtoto alisita. Kisha akageuka, akainua mikono yote miwili juu. "Mama, nibebe!"

Hidaya alimnyakua, akauficha uso wake shingoni mwa mtoto. "Shule zitasubiri," alisema. "Zitasubiri mpaka nikifundishe hiki kitu kuachia."

Bi Saumu aliitoa mbeleko begani, akaitupa juu ya wale wawili. Wivu ulimchoma vilevile, kama ndimu kwenye kidonda. Nyuma yake alisikia miguu minne ikisogea, na mikono ya kitambaa ikishuka polepole, mitupu.

"Njoo usimame hapa," alikiambia bila kugeuka. "Leo tumenyimwa sote wawili."