Moto kwa Ajili ya Ilnar

Bomba la plastiki halilii. Chuma hugonga kikipata moto, plastiki hunyamaza. Fanis, aliyekuwa na miaka ishirini katika ufundi bomba, alilijua hilo vizuri. Kwa hiyo aliposikia kugongwa mara tatu ndani ya bomba aliloliunganisha asubuhi ile, aliweka chini pasi yake ya kuchomelea akasikiliza.

Nyumba ilikuwa ya Rauza, mjane wa baba yake mdogo, katika kijiji cha Watatari kando ya mto Kama. Boila, tanuri la kuchemsha maji yanayopita mabombani kupasha nyumba joto, ilikuwa jikoni miaka yote. Sasa Rauza alitaka ihamishiwe chumba cha nyuma, chumba cha Ilnar, mwanawe wa pekee, aliyezama mtoni mwezi wa tatu barafu ilipopasuka. Mwili haukupatikana.

"Ni hewa tu, mama mdogo," Fanis alimwambia, ingawa mwenyewe hakuamini.

Akafungua koki ili hewa itoke. Maji yaliyotoka yalinuka tope la mto, na mchanga ukatuama ndani ya beseni, ilhali maji yale aliyachota yeye mwenyewe kisimani. Boila iliwaka vizuri, na bomba lilipotoka kwenye boila lilikuwa la moto halishikiki, lakini hatua mbili mbele, hapo kilipokuwa kitanda cha marehemu, plastiki ilikuwa ya baridi kali, baridi iliyompanda Fanis vidoleni, ikapita mkononi, ikamwingia kifuani, mpaka akasikia, kana kwamba inatoka ndani ya mifupa yake, sauti ya kijana ikinong'ona, "Mama, nasikia baridi."

Rauza alikuwa mlangoni. Hakushtuka. Alisema polepole kwamba sauti ile alikuwa akiisikia ukutani tangu theluji ya kwanza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza. Nami nilitaka apate moto."

Fanis akaenda kumwita bibi Minsilu, msomaji wa Kurani katika nyumba za wafiwa. Bibi aliweka kiganja juu ya bomba, akasoma, kisha akakitoa upesi kama aliyeumwa. Akamwambia Rauza kwamba Ilnar yuko kwa Mola wake. Huyu ni jini wa mto aliyevaa sauti ya mtoto na kushiba machozi ya mama, wala hatatoka mpaka mama mwenyewe amkatae.

"Na kama ni yeye?" Rauza aliuliza.

Bibi aliendelea kusoma. Kugonga kukaenea katika mabomba yote ya nyumba, haraka, haraka zaidi, harufu ya tope ikawaziba pumzi, kioo cha dirisha kikapasuka, na katikati ya ghasia ile Rauza akapiga magoti, akalaza shavu lake juu ya bomba kama anayembembeleza mgonjwa, akasema, "Wewe si mwanangu."

Pakawa kimya. Taratibu, chini ya shavu lake, bomba likapata joto.

Kesho yake Fanis alirudi kukaza vishikizo vya mabomba ukutani. Nyumba nzima ilikuwa na joto. Rauza alikuwa ameketi sakafuni katika chumba cha mwanawe, koti mwilini.

"Kile kitu, kabla hakijanyamaza, kilisema neno," alimwambia. "Nyinyi hamkusikia. Kilisema, 'Basi kalale, kizee changu.'" Akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwani. "Ilnar alikuwa ananiita hivyo tukiwa wawili tu, Fanis. Hata baba yake hakuwahi kusikia."